Posti Inakuchezea? Ipime Kama Simu Isiyowaka

Mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko Luthuli Avenue, Nairobi, ukipanda ngazi zenye giza unakata kushoto. Kazi yangu ni kioo, betri na sehemu ya chaji, lakini siku hizi wateja huleta pia kilicho ndani ya simu. Nikimaliza kubandika kioo, mtu ananigeuzia skrini: "Fundi, hebu niangalilie na hii. Ni ukweli ama tunachezewa?" Huwa ni video ya daraja linalosombwa na maji, barua yenye nembo ya serikali, au mwanasiasa akitamka neno la kumtetemesha mtu mzima.

Zamani nilijibu kwa hisia tu. Baadaye nikaona kwamba kupima kitu kilichoharibika ndiyo kazi inayonilisha, sema sikuwa nimeileta huku. Simu isiyowaka ina sababu nyingi. Fundi mwenye pupa hufungua bodi. Fundi mwenye kichwa huanza na kebo, kwa kuwa kujaribu kebo nyingine ni sekunde tano na hakugharimu kitu. Tena dalili moja huzaliwa na visababishi tofauti. Simu inayopata moto huenda ni betri, huenda ni programu, huenda mwenyewe aliiacha juani kwenye dashibodi ya matatu. Posti ya hasira vilevile huenda ni ya kweli tupu. Na posti iliyotulia, yenye takwimu na lugha ya adabu, huenda imeandikwa na mtu anayepokea mshahara kwa kuiandika.

Nitapanga kwa dalili, nikianza na zile ninazoletewa sana. Ila kuna kipimo cha kutangulia zote, sawa na kuchomeka chaja nyingine: tazama posti inataka mkono wako ufanye nini. Inataka usambaze? Ubonyeze? Utume pesa? Umchukie jirani? Ukae nyumbani siku fulani? Habari ya kawaida haina haja na mkono wako. Mvua imenyesha Kilimani, basi. Ikija na "tuma kwa makundi kumi kabla hawajaifuta", kuna mtu mahali fulani anayehitaji kidole chako. Mjue kwanza ndipo umwazime.

Dalili: picha inatisha, na maelezo yanasema "leo"

Hii ndiyo inayoongoza kibandani kwangu, na kwa mbali. Watu hudhani uongo wa picha ni kuchezea picha yenyewe, kwa hiyo huivuta kwa vidole wakitafuta mahali iliposhonwa. Hawapati kitu, wanasema "basi ni ya kweli." Picha ni ya kweli. Uongo uko kwenye maneno mawili yaliyoandikwa juu yake: mahali na siku.

Kebo ya kwanza: itafute picha hiyo kwa picha. Google Lens iko kwenye simu nyingi za Android. TinEye hufunguka kwenye kivinjari na inaweza kukupangia matokeo kuanzia yale ya zamani zaidi. Kwa video, isimamishe penye mandhari mapana, piga picha ya skrini, tafuta hiyo. Kama maandishi ya mabango yanasomeka kinyume, video imegeuzwa kama kwenye kioo, mara nyingi kwa makusudi ili utafutaji ushindwe, igeuze kwanza. Ukiikuta ilichapishwa miaka minne iliyopita katika nchi nyingine, kazi imeisha, rudisha simu mfukoni.

Usipoikuta, hapo ndipo kuwa mtu wa Nairobi kunakusaidia kuliko programu yoyote. Mantiki ni hii: kitu kipya kikionekana kwenye picha, picha haiwezi kuwa ya kabla ya kitu hicho. Kitu cha zamani kikionekana hakithibitishi lolote, isipokuwa kama ni kitu kilichokwisha kuondolewa.

Anza na barabara. Expressway, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa magari 2022. Ukionyeshwa Uhuru Highway imefurika na juu hakuna hata nguzo moja, umeonyeshwa maji yaliyokauka zamani. Namba za magari: zinazoanza na KD zilianza kutolewa 2020. Mtu akikuletea "ghasia za uchaguzi wa 2017" na pembeni kuna matatu yenye namba ya KDG, mwambie hiyo matatu ilikuwa haijasajiliwa. Sare za polisi: ile ya buluu ilizinduliwa Septemba 2018, kwa hiyo askari aliyeivaa hawezi kuwa amepigwa picha mwaka mmoja kabla yake. Pesa: noti mpya zilizinduliwa Juni 1, 2019, na ile noti ya 1,000 ya zamani yenye uso wa Mzee Kenyatta ilikoma kutumika mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Video ya "mabunda yaliyonaswa wiki hii" yenye noti hizo ni ya wiki ya miaka mingi iliyopita, au ni mabunda ya mtu asiye na bahati kabisa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Hiyo ni dalili dhaifu, maana sote tunajua bado hupenya, ila soko zima likiwa na mifuko ya juala kila mkono, jiulize kama ni hapa.

Halafu kuna jua, ambalo halijui kudanganya. Nairobi iko chini kidogo tu ya ikweta. Huku jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, tofauti ni dakika chache. Nimewahi kuletewa video ya "usiku huu saa mbili, katikati ya jiji", watu wakikimbia, na kila mmoja ana kivuli kirefu cha jua. Saa mbili usiku jua linawaka Ulaya wakati wa kiangazi. Kwetu saa hiyo mama mboga ameshawasha taa. Tazama pia mijakaranda: huchanua zambarau kuanzia Septemba hivi hadi Novemba. Barabara iliyotandikwa maua hayo kwenye posti ya "leo" mwezi wa Juni inastahili maswali. Na la mwisho, ambalo watu husahau kwa kuwa ni rahisi mno: magari yanapita upande gani?

Niseme jambo kuhusu mafuriko. Yale ya Aprili na Mei 2024 yalikuwa ya kweli, na ya kutisha vya kutosha. Mathare watu walipoteza nyumba na wengine maisha. Wakati huohuo zikazunguka video za maji ya nchi nyingine zikiwa zimebandikwa jina la Nairobi. Uongo hupenda kupanda gari ambalo ukweli umeshalijaza. Kwa hiyo ukigundua video moja ni ya uongo, usimwambie mtu wa Mathare kwamba mafuriko ni propaganda. Umepima video, mafuriko hujayapima.

Dalili: jina la mtu linavuma asubuhi na hujui alichofanya

Unaamka, unafungua X, alama ya reli (hashtag) yenye jina la jaji au mwanaharakati iko nambari moja Kenya. Unasoma posti ishirini na zote zina hasira, lakini hakuna hata moja inayokuambia kisa chenyewe.

Visababishi ni vitatu. Kwanza, watu wamekasirika kweli. Pili, ni kazi ya kulipwa. Tatu, hasira ni ya kweli lakini imedandiwa na wenye kazi ya kulipwa, na huyu wa tatu ndiye msumbufu zaidi.

Kazi ya kulipwa si uvumi. Septemba 2021 shirika la Mozilla lilitoa uchunguzi kuhusu biashara hiyo hapa Kenya. Walioajiriwa walieleza kwamba huwekwa kwenye makundi ya WhatsApp, wanapewa alama ya reli, maneno ya kubandika na picha, kisha wanaambiwa saa ya kuanza. Malipo yalikuwa kama dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku, yaani shilingi 1,100 hadi 1,600 hivi kwa bei ya dola ya wakati huo. Miongoni mwa walioshambuliwa ni majaji, baada ya Mahakama Kuu kuuangusha mpango wa BBI wa kubadilisha Katiba Mei 13, 2021. Nikisoma ile hesabu nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe hutoza zaidi ya hapo kubadilisha kioo cha simu ya kawaida. Jina la mtu linavunjwa kwa bei ya chini ya kioo.

Kupima: nakili sentensi moja kutoka posti mojawapo, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute. Ikijitokeza neno kwa neno kwenye akaunti tano, endelea. Makosa ya tahajia ni alama ya kidole. Watu wawili wanaweza kuwa na wazo moja, lakini hawawezi kusahau herufi ileile katika neno lilelile, kisha wakaweka nafasi mbili mahali palepale. Angalia saa: zimetoka ndani ya dakika kumi? Kisha ingia kwenye akaunti na ushuke chini. Akaunti ya kuuza vidole hujitambulisha yenyewe: jana ilikuwa inasifu kampuni ya kamari, juzi sabuni, leo asubuhi inamtaka jaji ajiuzulu, na saa nane itakuwa inauza simu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote, lakini, ni ugomvi. Mtu aliyekasirika kweli hagombani kwa ratiba. Anajibu. Anatukanwa, anarudisha. Anaingiza kisa cha duka lake la Gikomba na kodi aliyolipa, anachanganya Sheng na Kiingereza, anakosea, anajirekebisha, anabishana na mtu wa upande wake mwenyewe. Aliyelipwa hubandika idadi yake na kuondoka. Ukimuuliza swali, hakuna jibu, kwa sababu swali halikuwa kwenye maelekezo.

Juni 2024, watu walipopinga Mswada wa Fedha, alama moja ya reli ilibandikwa na umati usiohesabika. Mtu anayetumia vipimo kwa haraka angesema: maneno yaleyale, saa zilezile, basi wamelipwa. Na kuna waliosema hivyo. Ila ukishuka kwenye majibu ulikuta ugomvi, vichekesho, mahesabu ya bei ya mkate, watu wakitafsiri mswada kwa lugha zao za nyumbani. Tarehe 25 wengi wao walikuwa barabarani kwa miguu yao. Kufanana kwa maneno peke yake hakutoshi. Hata wimbo wa kanisani watu huimba maneno yaleyale.

Kuhusu vitambulisho vya akaunti, nitapita haraka. Tiki ya buluu kwenye X ni ya kununua tangu ile ya zamani iondolewe Aprili 2023; inakuambia mtu ana kadi ya benki. Tarehe ya kufunguliwa akaunti inasaidia. Tangu mwishoni mwa 2025 X huonyesha pia nchi ambako akaunti inaendeshwa, ingawa mtu anaweza kuificha kwa VPN, programu ya kuficha ulipo. Facebook ina sehemu ya uwazi wa ukurasa inayokuonyesha ulifunguliwa lini, ulibadilishwa jina mara ngapi, na wasimamizi wake wako nchi gani. Ukurasa wa "sauti ya wananchi wa Bonde la Ufa" ambao mwaka juzi uliitwa jina la vichekesho vya paka umejieleza wenyewe. Namba nyingi mwishoni mwa jina la akaunti ni dalili dhaifu sana. Mama yangu ana namba nane kwenye jina lake kwa sababu mtandao ndio uliompa.

Na si kila anayechochea ana siasa. X ilianza kugawana mapato ya matangazo na wachapishaji wake 2023. Mtu anaweza kukuudhi kwa makusudi, bila imani yoyote, kwa kuwa kila ukimjibu "wewe ni mjinga" huenda unamwongezea senti.

Dalili: ujumbe wa sauti, mtu anahema, hakuna jina

Hii nitaisimulia kwa aibu. Kulikuwa na sauti ya mama mmoja akilia kwamba Probox nyeupe inazunguka mtaa ikiteka watoto wanaotoka shule, "leo asubuhi wamechukua wawili." Iliniingia nikiwa na simu ya mteja imefunguliwa matumbo mezani. Niliisambaza kwenye kundi la mtaa kabla haijaisha. Kesho yake shule ya karibu ilikuwa nusu tupu, na kijana mwenye Probox nyeupe, ambaye kazi yake ni kusambaza mayai, alisimamishwa na vijana wa stejini mara mbili akifunguliwa buti. Bahati yake buti lilikuwa na mayai.

Nilipotulia nikaipima, nikaona ilikuwa na kila dalili. Neno "leo" ndani ya ujumbe wa sauti halizeeki. Sauti ya mwaka jana itasema "leo" mpaka mwisho wa dunia. Mtaa haukutajwa, ulitajwa "huku kwetu". Shule haikutajwa. Watoto hawakuwa na wazazi. Na juu ya ujumbe kulikuwa na vishale viwili. Kishale kimoja kwenye WhatsApp maana yake umesambazwa. Viwili maana yake umepita mikono mitano au zaidi tangu kwa aliyeutuma kwanza. Ujumbe wa aina hiyo WhatsApp huruhusu kuupeleka kwenye soga moja tu kwa wakati mmoja, tangu Aprili 2020. Mama anayelia "huku kwetu" hakuwa jirani yangu hata kidogo.

Kipimo chake ni kurudi nyuma hatua moja: muulize aliyekutumia, "Wewe umeipata kwa nani?" Ukipata jina, muulize na huyo. Kwa kisa cha kweli, baada ya watu wawili au watatu unamfikia mtu aliyekuwepo, ama mtu anayemjua aliyekuwepo. Kwa kisa cha kupikwa, unazunguka makundi mpaka unachoka. Kisha pigia simu mahali palipotajwa: shule, zahanati, chifu. Shilingi chache za simu.

Dalili: picha ya skrini, ukurasa wa gazeti, barua ya wizara

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: kutengeneza picha ya skrini ni rahisi kuliko kutengeneza chai. Usiichunguze sana yenyewe. Nenda mahali ilikodaiwa kutoka. Kichwa cha habari kikiwa cha kweli, gazeti lenyewe litakuwa nacho kwenye ukurasa wake wa asubuhi hiyo. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017 zilizunguka hapa video zenye nembo za BBC na CNN zikitoa matokeo ya kura za maoni. Nembo zilikuwa sawasawa, lakini vituo hivyo havikuwahi kutangaza hayo. Nembo ni kitu cha kunakili.

Barua ya serikali: soma siku na tarehe uone kama zinaoana kwenye kalenda, aliyetia saini kama bado yuko ofisini, na kama tangazo la aina hiyo hutolewa hivyo. Sikukuu ya umma, kwa mfano, hutangazwa na waziri wa usalama wa ndani kupitia Gazeti Rasmi. Na tazama Kiswahili au Kiingereza chake. Wizara huandika vibaya, najua, lakini huandika vibaya kwa namna yake: sentensi ndefu, maneno mazito. Haiandiki "HARAKA SANA!!!" kwa herufi nyekundu.

Mwanasiasa "alifuta baada ya dakika mbili"? Hilo ndilo jibu la kawaida ukisema huoni posti kwenye akaunti yake. Huenda ni kweli. Lakini mtu mwenye wafuasi laki kadhaa akifuta kitu, huwa zimebaki picha za skrini nyingi, za simu tofauti, zenye saa tofauti na asilimia tofauti za betri. Ikiwa nchi nzima inazungusha picha moja yenye betri ya asilimia 43, ilitoka kwa mtu mmoja.

Dalili: video ya mtu maarufu akisema jambo asiloweza kusema

Akili unde imefanya hii iwe ngumu, na sitakudanganya kwamba kuna ujanja wa kudumu. Mwanzoni tulihesabu vidole na kutazama meno. Vidole vimeshanyooka. Programu za kutambua video bandia nazo hukosea pande zote mbili, hasa video ikishabanwa na WhatsApp mpaka imekuwa ukungu.

Kinachonisaidia bado ni vitu vya pembeni. Maandishi ya nyuma: bango la duka, namba ya gari, jina la matatu, mara nyingi herufi huyeyuka. Mdomo kwenye p, b na m: midomo lazima ikutane. Na lugha. Sauti nyingi za kutengenezwa zina Kiswahili kisicho na kwao, si cha Pwani, si cha Bara. Kiongozi ambaye miaka yote huchanganya ngeli akianza kutiririka upatanisho wa kisarufi kama mwalimu wa fasihi, mimi husimamisha video hapo hapo. Halafu uliza: alikuwa wapi, mbele ya nani? Hotuba ina umati, umati una simu. Kama pembe ya kamera ni moja tu duniani, ngoja. Kama anadaiwa kuyasema bungeni, kuna Hansard, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa humo, na Bunge huiweka kwenye tovuti yake. Itafute kwa tarehe.

Video iliyokatwa ni jambo jingine, na hutokea zaidi ya video bandia. Mtu anasema "Wapinzani wangu wanadai kwamba wizi ni halali," unapewa kuanzia "wizi". Ikianza katikati ya neno au kuisha ghafla, tafuta ndefu kabla hujamhukumu mtu.

Dalili: zawadi, kazi, au pesa za bure

Haraka: supermaketi "inaadhimisha miaka 40" na inagawa vocha kwa watu 2,000 wa kwanza, jibu maswali matatu, kisha tuma kwa marafiki 15. Soma anwani ya linki, sehemu ya mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://. Jina la duka likiwa mbele na takataka nyuma, ni la takataka. Kazi inayodai ada ya usajili kwa M-Pesa ni wizi. Sina la kuongeza.

Dalili: kila kilichoandikwa ni kweli, lakini unahisi umesukumwa

Hapa ndipo fundi huanza kujikuna kichwa. Posti ina majina ya watu sita waliokamatwa kwa wizi. Unatafuta, kweli walikamatwa, wote sita. Majina yote ni ya kabila moja. Hakuna sentensi hata moja ya chuki. Aliyeandika ameacha wewe uimalizie mwenyewe. Ukimshika atasema, "Mimi niliandika ukweli tu."

Kipimo ni kuuliza kilichoondolewa. Walikamatwa sita kati ya wangapi, katika muda gani? Wengine ni kina nani? Ukiipata orodha nzima na ikawa mchanganyiko wa majina kama yalivyo majina ya ploti yoyote ya Nairobi, umeona mkono wa aliyechagua. Tazama pia wakati: matukio ya miaka mitatu yamekusanywa leo, wiki mbili kabla ya uchaguzi mdogo. Kwa nini leo?

Mimi ni wa umri wa kukumbuka SMS za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Hakukuwa na WhatsApp wala video bandia. Maandishi matupu, kwenye simu za vitufe, yakitaja "wale" wanakuja. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi za miezi ile, na ujumbe wa chuki ulikuwa sehemu ya kuni. Tume ya Uwiano na Utangamano ilizaliwa kutokana na hayo, kwa sheria ya 2008. Kwa hiyo posti ya aina hii mimi siisambazi hata nikithibitisha kila jina. Wengine watasema hiyo ni kujifungia macho. Sawa, lakini orodha iliyochaguliwa ni kama betri iliyovimba: inaweza kuwasha simu, lakini siirudishi ndani.

Ukishindwa kabisa, wapo wanaoifanya kazi hii kutwa: PesaCheck, Africa Check yenye ofisi hapa Nairobi, na Piga Firimbi ya Africa Uncensored. Tafuta kwanza kwenye kurasa zao, mara nyingi uvumi wako wameshaupima. Na "bado sijui" ni jibu halali. Mteja hapendi kulisikia, lakini ni bora kuliko kumbadilishia bodi nzima kwa kubahatisha.

Umeshasambaza, ufanyeje?

WhatsApp hukuruhusu kufuta kwa kila mtu ndani ya siku mbili na ushee. Futa. Ila waliokwisha kuipeleka kwingine hutawafikia kwa kufuta, kwa hiyo andika marekebisho kwenye kundi lilelile, si chumbani kwa mtu mmoja mmoja. Usiirudishe picha yenyewe ili kuikanusha. Ukilazimika, ichore mstari mnene juu, maana kuna watakaoiona bila kukusoma. Taja kitu kimoja kilichokuonyesha kwamba si kweli. Hotuba ndefu hazisomwi.

Aliyekosea akiwa mkubwa wako, usimsahihishe mbele ya kundi. Mjomba wangu wa Kahawa hutuma kila kitu. Humwandikia pembeni: "Mjomba, shikamoo. Ile video ya daraja nimeiona pia, ikanishtua. Nimeitafuta nikaikuta ni ya nchi nyingine, ya miaka ya nyuma. Ningeomba uwaambie wewe, wakisikia kwako watakubali." Mara nyingi huwaambia, na hujipa sifa ya kuigundua. Mimi simnyang'anyi.

Kuhusu ile Probox, niliandika kwenye kundi la mtaa: "Ile sauti ya jana niliituma mimi. Nimeuliza shule, nimeuliza kituo cha polisi, hakuna mtoto aliyepotea. Yule kijana ni wa mayai. Nisameheni." Vikaja vidole gumba vinne, na mtu mmoja akaniuliza kama bado natengeneza sehemu za chaji. Kisha mama mmoja wa ploti ya nyuma akaandika: "Sawa fundi, lakini mimi wangu kesho hawaendi." Wiki nzima hawakwenda.